Barabara ya Mbau Ilibaki Kijani

Mkuu wetu wa ofisi alipenda kusema kwamba ramani ni huduma. Alisema hivyo kila wageni walipokuja, amesimama karibu na mashine ya kuchapisha, mkono mmoja mfukoni. Mpaka leo nikimsikia mtu akilitamka neno hilo kwa sauti ile ya upole, damu inanichemka, hata kama mtu mwenyewe hana kosa lolote.

Ofisi yetu ilikuwa Butembo, katika nyumba ya kupanga ya matofali kwenye kilima kimoja cha mtaa wa Kimemi. Tulichora ramani za barabara za Beni na Lubero: ipi inapitika, ipi imefungwa, watu wamekimbia wapi. Vita ilikuwa imekwisha kubadilika sura mara nyingi. Nilipokuwa mtoto ililetwa na majeshi yenye sare, yaliyopita mbele ya nyumba yetu yakiimba Kilingala na kuondoka na mbuzi wetu. Nilipokuwa mtu mzima ilikuwa ya watu wanaotoka msituni upande wa Beni, wanaua wakulima mashambani na wasafiri barabarani, kisha wanarudi msituni. Sisi tuliwaita tu adui, kwa sababu kila mkubwa aliwapa jina lake na hakuna jina lililowazuia.

Mimi niliandika programu. Habari zilitufikia kutoka kwa watu wa vijijini wenye simu, na kila habari ilikuwa na umbo. Kisima, zahanati, kizuizi cha askari: hiyo ni nukta. Barabara au mto: mstari. Shamba, kijiji, kipande cha msitu: hilo ni eneo, mstari uliozunguka ukajifunga pale ulipoanzia. Kabla ya kuchora chochote, programu lazima iulize kwanza: wewe ni umbo la aina gani? Ikikosea hapo, hata rangi ziwe nzuri namna gani, mtu anatazama uongo.

Halafu kuna maumbo yanayokuja kama furushi. Barabara moja inaweza kuvunjika vipande: hapa inapitika, pale haipitiki, mbele inapitika tena. Mimi na wewe tutaendelea kuiita barabara ya Mbau. Mashine haifanyi hivyo. Kwake mstari ni aina moja, na mistari mingi chini ya jina moja ni aina nyingine kabisa. Usipoifundisha kuitambua hiyo ya pili, haitaitambua, hata kama inatumia jina lile lile na inatoka Beni kwenda Oicha kama jana.

Programu iliyochora ramani yetu ya kila wiki sikuiandika mimi. Aliiandika mkuu mwenyewe, zamani akiwa masomoni ng'ambo, na aliipenda kama kifunguamimba wake. Nilipopewa kuisoma niliona inajua maumbo matatu tu: nukta, mstari, eneo. Kikija kitu cha nne, inakiruka. Haisimami, haisemi neno. Na barabara iliyokosa habari mpya inabaki na rangi yake ya wiki iliyopita.

Nilimwendea.

"Chef, hii programu haijue mistari mingi."

"Barabara ni mustari," alijibu bila kuinua macho. "Weye umeonaka barabara ya namna ingine?"

"Ile yenye kukatika."

"Donc siku itakatika, tutaona."

Nenosiri la kuifungua lilikaa kwake. Niliomba mara ya pili, akaniambia niandike mapendekezo. Niliomba tena mbele ya wenzangu, akacheka, akasema dada huyu anapenda kutafuta panya katika nyumba safi. Wenzangu nao wakacheka. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na watoto shuleni na mikataba ya miezi michache, basi mkuu akicheka wanacheka.

Nisimchore kama shetani. Alikuwa mtu wa Lubero kama sisi, mtoto wa katekista, aliyekula maharage yale yale na kutembea kwenda shule katika matope yale yale. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Angekuwa mgeni ningesema hajui barabara ile ina maana gani kwetu.

Ramani ya kila Jumatatu tuliibandika pia nje, kwenye lango. Mwanzoni hakuna aliyeitazama. Baadaye wachuuzi wakaanza kusimama, halafu madereva wa pikipiki, wale tunaowaita motard, halafu mapadri na wachungaji wenye parokia za mbali. Kijani ni kupita, nyekundu ni kubaki. Hata mtu asiyejua kusoma aliielewa. Nilijivuna nilipoona kofia za pikipiki zimejaa pale langoni. Sijivuni tena.

Kati ya waliosimama pale alikuwa dada yangu mkubwa. Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa kwetu, alikuwa mjane, mwenye sauti inayosikika mpaka nyumba ya tatu. Baba yetu alipokufa, yeye ndiye aliyenilea pamoja na mama. Aliishi kwa kakao. Alikwenda Mbau kununua mbegu kwa wakulima, akazipakia, akazileta kwenye maghala ya Butembo. Barabara ile aliijua kuliko mimi niliyekuwa ninaichora. Na mimi aliniita mwoga. Tangu utoto, nikiogopa mbwa, nikiogopa radi, alisema: huyu Mungu alisahau kumutilia roho.

Ijumaa moja watu wetu wa vijijini walipiga simu. Adui walikuwa wameonekana wakivuka barabara mahali pawili, kabla ya kufika Mbau na tena baada ya kuipita. Niliikata barabara kama walivyosema, vipande vya kijani na vipande vyekundu, nikaviweka chini ya jina lake, nikahakiki, nikatuma.

Jumatatu ramani ikatoka. Barabara ya Mbau ilikuwa kijani yote, kutoka Beni hadi Oicha, bila hata alama.

Nilikwenda kwa mkuu nikiwa na karatasi mkononi, wino bado unanuka.

"Programu imeiruka. Tazama. Hii ni ya wiki iliyopita."

Aliitazama. Hilo nalisema wazi: aliitazama, na alielewa.

"Wageni banakuja Jumatano," alisema. "Leo sifungue programu. Nikiifungua ikiharibika, tutabaonyesha nini?"

"Basi toa karte, ile ramani ya ku mulango."

"Mulango bila karte, mbele ya wageni? Tutarekebisha Alhamisi."

Nilitoka nje, nikaichana ile ramani langoni mbele ya mlinzi na watu watatu wenye pikipiki. Nikawaambia ni uongo, barabara ya Mbau imefungwa. Walinitazama kama mtu aliyegombana na mume wake akamalizia hasira kwenye vyombo. Mchana nilipotoka kwenda kula, ramani nyingine ilikuwa imebandikwa pale pale, na safari hii waliizungushia utepe wa gundi pande zote nne. Mlinzi aliangalia chini. "Tantine, mi natumwa tu," akasema, akiniita shangazi kwa heshima.

Jioni yaya alikuja nyumbani kwangu. Alikaa, akavua viatu, akaomba chai.

"Kesho naenda Mbau," alisema.

"Usiende, yaya. Njia imefungwa."

"Nani aliifunga?"

"Batu ya kule baliona adui banavuka. Mbele ya Mbau na nyuma yake."

"Mi natoka kupita ku ofisi yenu sasa hivi. Karte iko pale. Njia ya Mbau iko kijani, kijani kabisa."

"Ile karte inadanganya."

"Karte yenu? Ile weye unatengenezaka?"

"Mi niliandika vizuri. Ni mashine iliiruka."

Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kitenge. "Mashine inaruka barabara! Inaruka namna gani, kama mbuzi?"

Nikajaribu kumweleza. Nilichukua njiti za kiberiti nikazipanga mezani: njiti moja nzima, halafu njiti iliyovunjwa. Nikamwambia, mashine inaona hii, lakini hii nyingine haioni. Alisikiliza kwa heshima kidogo, kama anavyosikiliza mahubiri marefu. Kisha akasema maneno ambayo bado ninayasikia.

"Weye unaogopaka tangu zamani. Ofisi nzima iko na batu ya masomo, bameandika kijani, na weye peke yako unasema nyekundu. Mi nisikilize nani?"

"Nisikilize mimi. Niko mudogo yako."

"Njo maana sikusikilize," alisema, akanipiga begani, akavaa viatu.

Asubuhi alipanda gari mpaka Beni. Pale alimkuta motard wake, mtu mzima mpole, mwimbaji wa kwaya, aliyembeba miaka mingi na kumletea ndizi kila msimu. Wakaelekea Mbau.

Habari ilitufikia ofisini kabla ya adhuhuri. Simu ya kwanza ilisema pikipiki imeshambuliwa. Simu ya pili ilisema mtu amekufa. Mimi ndiye niliyeipokea ya tatu. Ilikuwa sauti ya muuguzi kutoka hospitali ya Beni: mama mmoja amefika na jeraha la risasi mkononi, anataja jina lako.

Nilifika Beni jioni. Nilimkuta kwenye kitanda cha pembeni, mkono umefungwa mpaka kwenye kwapa, matope na majani makavu bado yapo kwenye nywele. Hakulia. Alizungumza polepole, akitazama dari.

"Askari ku barrière balitupungia mukono. Leka, mama, leka, ni kusema pita. Tukapita. Nyuma ya kona, miti ikapasuka. Pikipiki ikalala. Mi nikaangukia mu kakao, nikatambaa. Yeye hakutambaa. Nilimuita. Nilimuita na jina yake, hakujibu."

"Nyamaza, yaya. Upumuzike."

"Sitaki kunyamaza. Ulisema. Mi nilikucheka."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Sikumkumbatia. Nilikuwa na hasira naye pia, kwa sababu alikuwa amesadiki rangi kuliko mdogo wake. Nilitoka uani kupata hewa.

Huko uani mke wa motard alikuwa amekaa chini pamoja na akina mama wa kanisa lao. Walimnyamazisha kwa wimbo wa chini chini. Mtu akamwambia mimi ni nani, na ninafanya kazi wapi. Akainua uso.

"Weye uko wa karte?"

"Ndiyo, mama."

"Bwana yangu aliniambia leo asubuhi, usiogope, hata bale ba karte bamesema njia iko muzuri." Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeuliza njia. "Sasa balitoa wapi ile muzuri?"

Ningesema nini? Kwamba kuna nukta, kuna mstari, kuna eneo, na kuna kitu cha nne? Nilichuchumaa mbele yake na kushika mguu wake, kwa sababu mikono yake ilikuwa imeshikwa na wengine.

Jumatano wageni walipokuwa Butembo wakionyeshwa ramani, mimi nilikuwa Beni nikiwafukuza nzi usoni kwa dada yangu. Nilirudi ofisini Alhamisi. Chupa tupu za soda zilikuwa bado mezani. Mkuu alinyanyuka kuja kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, dada. Pole kabisa. Ni erreur technique, kosa ya mashine. Inatokeaka popote."

"Hapana erreur," nilimwambia. "Erreur inapiga kelele. Mashine inasimama, inaandika nyekundu, mutu anajua. Hii haikusimama. Ilinyamaza kwa sababu weye uliiandika inyamaze. Na mi nilikuambia. Jumatatu nilikuja hapa na karatasi mu mukono, na weye uliona."

Wenzangu waliacha kupiga vibonye. Nje mvua ilianza kwenye mabati, ikabidi nipaze sauti, na nikafurahi kupata sababu ya kuipaza.

"Uliona, chef. Ukasema wageni."

"Tusiongee hivi mbele ya batu."

"Batu balicheka mbele ya batu. Baache basikie mbele ya batu."

Alikaa. Uso wake ulikuwa umezeeka ghafla, na kwa dakika ndogo nilimwonea huruma. Kisha akasema, "Mutu aliyemuua iko mu pori, hayuko hapa," na huruma ikaisha. Alikuwa anasema kweli. Ndiyo kweli ambayo kila mtu mwenye kiti huku kwetu hujifichia nyuma yake: mwuaji yuko porini, kwa hiyo sisi wengine wote mikono ni safi.

Mchana ule akanipa nenosiri. Niliketi kwenye programu yake nikairekebisha, na nitasema jambo hili hata kama linaniumiza: haikuchukua muda. Kazi ya muda wa maji kuchemka. Niliongeza aina zinazokuja kama furushi, nukta nyingi, mistari mingi, maeneo mengi, pamoja na lile furushi la mchanganyiko ambalo ndani yake kuna kila umbo. Chini kabisa nikaongeza amri moja: ikiwa umbo hulijui, simama, usichore chochote, toa sauti, taja jina la kitu ulichoshindwa kukitambua. Nilipoiendesha, barabara ya Mbau ikatokea na vipande vyake, kijani, nyekundu, kijani, nyekundu. Nzuri sana. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira, nikauma kitambaa ili wasisikie.

Halafu ilibidi tuandike tukio lenyewe. Kwa kanuni yetu shambulio ni nukta. Mwenzangu aliyesimamia data alitaka nimwachie, nikakataa. Niliweka mahali, nyuma ya ile kona. Nukta haina urefu wala upana. Mtu aliyebeba dada yangu miaka mingi, aliyekuwa na mke na ndizi na kwaya, akawa doa jeusi la ukubwa wa kichwa cha sindano, na doa hilo lilipochapishwa likafunikwa nusu na herufi za neno Mbau. Niliyahamisha maandishi. Wakayarudisha, eti yanaufunika mto. Nikayahamisha tena. Tulifanya hivyo wiki nzima kama watoto.

Amri yangu ya kusimama haikupendwa. Miezi kadhaa baadaye, asubuhi ambayo ramani ilipaswa kutumwa kwa wafadhili, programu ilisimama na kupiga kelele. Mtu wa kule kusini, Luofu, alikuwa ametuma kijiji na mashamba yake pamoja na njia ya wakimbizi katika furushi moja, na ndani yake kulikuwa na kipande kitupu, umbo lisilo na nukta hata moja. Mkuu alikuja mezani kwangu.

"Toa ile amri. Iruke hicho kipande, tutume."

"Tupige kwanza simu Luofu, tuulize kipande kitupu ni nini."

"Hakuna wakati."

"Basi ramani itachelewa."

"Dada, nakuambia kama mukubwa wako: toa."

"Sitoi."

Nilipiga simu mwenyewe. Mtu wa Luofu akaeleza kwamba alikuwa anataka kuchora mashamba ya upande wa pili wa mto, lakini watu wa upande ule walikuwa wamehama jana na hakuwa na wa kumwuliza mipaka. Kipande kile kitupu kilikuwa watu waliohama. Nilimweleza mkuu. Alisikiliza, akasema asante, ramani ikaenda jioni ikiwa na habari ile. Na mkataba wangu ulipoisha, haukurudiwa. Sababu waliyotoa ilikuwa ugumu wa kufanya kazi na wengine. Baadaye nilisikia kwamba yeye amehamishiwa Goma, kwenye cheo kikubwa zaidi.

Mama yangu anasema nisamehe. Mchungaji wetu naye anasema. Nawajibu kwamba hakuna aliyeniomba msamaha, nikimpelekea mtu asiyeuomba nitakuwa ninamtupia tu mlangoni. Mama hutikisa kichwa, ananimiminia chai.

Sasa nafundisha katika taasisi moja hapa mjini. Umeme ukikatika tunaendelea ubaoni. Somo la kwanza ni kutambua maumbo, na wanafunzi huniogopa, najua. Mmoja akiniandikia programu inayoruka kitu kimya kimya, namrudishia kazi yake hata iwe na mengine yote sahihi. Walilalamika kwa mkuu wa masomo kwamba mwalimu anakasirika juu ya mstari mmoja. Sikuwaeleza kwa nini. Wengine wao wana ndugu Oicha, wataelewa wenyewe.

Na yaya? Mkono wake ulipona ukiwa umepinda, vidole viwili havifungi. Nilidhani atauza vitenge hapa Kimemi akae. Kabla bandeji haijatoka vizuri alianza kuuliza bei ya kakao. Tuligombana vibaya, nikasema mambo kuhusu marehemu motard ambayo sikupaswa kusema, akanitupia kikombe. Alirudi Mbau na shemeji wa motard yule, mwenye pikipiki nyingine. Kabla ya kuondoka Beni huwapitia wanawake sokoni waliotoka huko asubuhi, anawauliza wameona nini, wamesikia mbwa wakibweka wapi. Kwa mke wa marehemu hupeleka mchele na sabuni kila safari. Mimi huwa sijui anaenda lini, hataki kuniambia.

Hunipigia simu akishafika.

"Nimefika," anasema.

"Sawa," namjibu, nakata. Halafu nakaa na simu mkononi mpaka kengele ya darasa linalofuata, bado nimekasirika.